Wakisema "ndiyooo" usiwaamini: kufundisha kalkulasi chuoni kwa kwizi na kazi za darasani

Miaka yangu ya mwanzo kufundisha kalkulasi nilikuwa naingia, najaza ubao, nafuta, najaza tena, nauliza "mmeelewa?", darasa zima "ndiyooo", naondoka zangu roho kwatu. Alafu unakuja mtihani wa katikati ya semesta, unasahihisha karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi, unajiuliza hawa ndo walewale waliokuwa wanaitikia? Ndo walewale. Na wala hawakuwa wanadanganya, walielewa kweli nilichokuwa naandika mimi, ila kufuata mkono wa mtu mwingine ubaoni ni kitu kimoja na kukaa na karatasi nyeupe mbele yako ni kitu kingine kabisa.

Siku hizi nafanya hivi: kwizi kila wiki, na karibu nusu ya kila kipindi wanafanya kazi wao, mimi nazunguka. Lengo langu ni moja tu, kosa litoke hadharani mapema. Samaki mkunje angali mbichi, na kosa la kalkulasi likikaa wiki sita kichwani bila mtu kuligusa basi mtihani ukifika limeshakuwa imani. Nitaeleza navyofanya, chukua kinachokufaa.

Kwanza kwizi

Dakika 10, mwanzo wa kipindi, maswali mawili au matatu yanayoenea kwenye nusu karatasi. Ukiweka maswali matano hiyo ni testi bana, watu wanaanza kutetemeka na wewe unapata mzigo wa kusahihisha usioisha.

Swali la kwanza natoa kwenye mada ya wiki hii, rahisi tu, mtu aliyefanya mazoezi analipata. La pili linatoka wiki mbili tatu nyuma, hili ndo wanalilalamikia na hili ndo lenye faida kuliko yote. La tatu, likiwepo, halina hesabu, ni maneno: "eleza kwa sentensi mbili f′(3) = −5 inakwambia nini kuhusu grafu". Utashangaa mtu anayepiga derivetivu (hiyo f′, yaani mteremko wa grafu) ya kurasa mbili anavyokwama hapo.

Kwa nini narudisha mada za zamani? Kuna jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006 huwa nawasimulia wanafunzi wangu: watu walisoma matini, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakajipima kwa kuandika wanachokumbuka. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa juu, lakini baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojipima ndo waliokumbuka zaidi. Na wanafunzi wetu wengi staili yao ya kusoma ni hiyohiyo ya kupitia notsi mara nne usiku wa kuamkia mtihani, kwa hiyo kwizi ni kama kuwalazimisha kufanya kitu ambacho wenyewe hawatakifanya.

Maksi zisiwe nyingi. Kwizi zote za semesta kwangu zinabeba asilimia 10, kuna mwaka nilijaribu 30 nikajuta, maana watu wakaacha kufikiri wakaanza kutafuta vibuti, vile vikaratasi vya kuibia. Pia nafuta kwizi mbili mbaya kuliko zote za kila mtu. Hiyo peke yake imeniondolea habari zote za "lekchara nilikuwa naumwa", "lekchara nilichelewa", hamna kurudia kwizi, hiyo ni mojawapo ya mbili zako, maisha yanaendelea.

Na irudi kipindi kinachofuata. Kwizi ikirudi baada ya wiki tatu mwanafunzi anaangalia namba juu anaikunja anatia mfukoni, basi imekufa. Najua utasema una wanafunzi 150. Mimi pia, ndo maana sisahihishi kila kitu kwa undani, nachagua swali moja, mengine ni tiki au kosa tu, na hilo moja nalisahihisha kwa mirundo.

Mirundo yenyewe iko hivi. Mfano niliuliza derivetivu ya sin(x²). Badala ya kuandika maoni kwenye kila karatasi, napanga karatasi mezani kwa aina ya jibu. Rundo la kwanza 2x·cos(x²), hao wako sawa. Rundo la pili cos(2x), hawa wametafuta derivetivu ya nje na ya ndani kwa mpigo mmoja, na ni wengi kuliko unavyodhani. Rundo la tatu cos(x²), hawa wamesahau kabisa kwamba kuna kitu ndani. Ukiangalia maksi tu rundo la pili na la tatu wote wamekosa, lakini ugonjwa ni tofauti na dawa ni tofauti.

Kipindi kinachofuata naandika majibu yote matatu ubaoni bila jina la mtu nasema, kati ya haya moja tu ndo sahihi, msiniambie kanuni ya mnyororo (derivetivu ya nje mara derivetivu ya ndani), nataka mnithibitishie kwa njia nyingine. Kimya. Kile kimya kivumilie, usikijaze. Baadaye mtu mmoja atasema tujaribu x = 0. Haya, sin(x²) karibu na 0 inafanana na x², yaani iko chini kama bakuli, mteremko wake pale ni 0. Sasa weka 0 kwenye majibu: cos(2x) inatoa 1, cos(x²) inatoa 1, 2x·cos(x²) inatoa 0. Kwisha. Hapo wamejifunza kanuni, na wamejifunza pia kwamba jibu lao wanaweza kulikagua wenyewe bila kusubiri tiki yangu, na hilo la pili mimi nalithamini kuliko la kwanza.

Kwizi ya wiki ya kwanza kabisa isiwe ya kalkulasi. Iwe ya aljebra, na isiwe na maksi. Ukweli ni kwamba watu wengi wanaofeli kalkulasi hawafelishwi na kalkulasi, wanafelishwa na sehemu za sehemu, vipeo hasi, na yule mdudu anayeitwa √(x² + 9) = x + 3. Waambie waweke x = 4: upande mmoja √25 ambayo ni 5, upande mwingine 7. Wanacheka, lakini semesta nzima utamwona huyo mdudu anarudi kwenye limiti (thamani ambayo fanksheni inaikaribia), kwenye integrali (eneo chini ya grafu), kila mahali. Bora ujue mapema nani anahitaji msaada huo.

Kazi za darasani

Nianze na ndogo ambayo haihitaji maandalizi wala kifaa, swali la kupiga kura. Njia hii iliwekwa kwenye ramani na Eric Mazur wa Harvard kwenye fizikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwenye kalkulasi inaingia vizuri sana. Unaweka swali lenye majibu matatu au manne, kila mtu anafikiri peke yake dakika moja bila kuongea, wanapiga kura kwa vidole mbele ya kifua ili jirani asione. Wewe unaangalia. Walio sahihi wakiwa chini ya kama asilimia 30, swali limewazidi, rudi ufundishe upya. Wakizidi 70, eleza kwa kifupi songa mbele. Wakiwa katikati hapo ndo tamu ilipo, waambie "mtafute jirani mwenye jibu tofauti na lako, mshawishi", dakika tatu, alafu kura ya pili. Darasa linageuka soko. Mara nyingi kura ya pili inahamia kwenye jibu sahihi wewe hujafungua mdomo.

Usiwatajie jibu kabla ya kura ya pili, na usoni usionyeshe kitu, maana wanakusoma hawa.

Swali ninalolipenda: kama f′(2) = 0, je pale x = 2 lazima pawe kilele au bonde? Wengi watasema ndiyo, kwa sababu kila mfano waliowahi kuona ulikuwa hivyo. Waache wabishane mpaka mtu achore (x − 2)³, inapanda, inapumzika kidogo, inaendelea kupanda.

Lingine ni la mwendelezo wa fanksheni, yaani grafu isiyokatika, nalitoa kwa jozi. Maji yalikuwa na digrii 20, umeyapasha moto yamefika 90, je lazima kuna wakati yalikuwa 50 kamili? Wote ndiyo. Akaunti yako ilikuwa na 20,000, sasa ina 90,000, je lazima kuna wakati ilikuwa na 50,000 kamili? Hapo darasa linapasuka, "inategemea mtu alituma kwa mafungu!" Sawasawa, moja inapita kila thamani ya katikati na nyingine inaruka, na wewe sasa unaweza kuandika teoremu ya thamani ya katikati ubaoni na itakuwa inajibu swali ambalo tayari wanalo vichwani.

Kazi kubwa zaidi, ya dakika 40 hivi, ni ile ya boksi la karatasi, naifanya kabla ya kufundisha kutafuta kilele kwa derivetivu. Narudia, kabla. Kila kundi lina karatasi ya A4, sentimita 21 kwa 29.7, rula na mkasi. Wakate mraba wa upande x kwenye kila kona, wakunje kuta juu, wapate boksi lisilo na kifuniko. Kundi la kwanza x = 2, la pili 3, hivyo hivyo mpaka 7. Kabla hawajapima waulize nani atashinda kwa ujazo, wengine watasema yote sawa tu si karatasi ni ileile, waandike utabiri wao ubaoni wasije wakaukana.

Alafu wapige hesabu. Wa 2 wanapata kama 874, wa 3 wanapata 1,066.5, wa 4 wanapata 1,128.4, wa 5 wanapata 1,083.5, wa 6 wanapata 955.8, wa 7 wanapata kama 769, zote sentimita za ujazo. Kila kundi linatuma mtu kuweka nukta yake kwenye grafu moja kubwa ubaoni. Nukta sita, na kilima kinajitokeza chenyewe mbele ya macho yao. Sasa ndo unauliza: mshindi ni 4 kamili? Au ni 3.8? Au 4.3? Tutajuaje bila kukata karatasi mia? Hapo derivetivu inaingia kama fundi aliyeitwa, haijajileta tu. Ujazo ni V = 4x³ − 101.4x² + 623.7x, derivetivu yake 12x² − 202.8x + 623.7, iwe sifuri, unapata x karibu 4.04 na nyingine karibu 12.86. Hiyo ya pili usiifute wewe, waulize maana yake. Mtu atachukua mkasi ajaribu kukata sentimita 12.86 kutoka kila kona ya upande wa 21, atacheka mwenyewe.

Kazi ya tatu naiita msako wa kosa. Unawapa suluhisho lililokamilika, safi, mwandiko mzuri, lakini lina kosa mahali. Ninalolitumia zaidi ni integrali ya 1/x² kutoka −1 hadi 1: unaandika antiderivetivu −1/x (fanksheni ambayo derivetivu yake ni 1/x²), unaweka mipaka, −1 kutoa 1, jibu −2. Kila mstari unaonekana halali. Alafu unauliza, 1/x² ni chanya kila mahali, eneo limekuwaje hasi? Wataanza kulaumu alama za kutoa, watakagua hesabu mara tatu. Waachie. Kosa haliko kwenye hesabu, liko pale 0 ambapo fanksheni inapaa bila kikomo na hiyo teoremu tuliyoitumia, teoremu ya msingi ya kalkulasi inayounganisha integrali na antiderivetivu, ilikuwa haina ruhusa ya kutumika. Siku hiyo ndo masharti ya teoremu yanaacha kuwa yale maandishi madogo wanayoyaruka.

Kuna na ile ya chupa: unamimina maji kwa kasi ileile kwenye chupa yenye kitako kipana na shingo nyembamba, wachore kimo cha maji dhidi ya muda. Dakika tano tu, inafundisha derivetivu ya pili (mteremko wenyewe unavyobadilika) vizuri kuliko ufafanuzi wowote nilioutoa.

Makundi yawe ya watu watatu. Wakiwa wanne mmoja anakuwa abiria, wakiwa sita wanaofanya ni wawili na wengine wako kwenye simu. Chaki iwe moja kwa kundi na kila baada ya dakika tano ihamie mkono mwingine, na mwenye chaki haruhusiwi kuandika wazo lake mwenyewe, anaandika la wenzake. Wasimame ubaoni au ukutani kama nafasi ipo, sijui kwa nini ila mtu akiwa amesimama halali.

Ukizunguka usikae na kundi moja zaidi ya dakika mbili, na wakikuuliza "hii ni sahihi?" jibu ni "mtajuaje?" Watakuchukia kidogo, sawa tu.

Siku mambo yalivyonigeukia

Kuna siku nilitoa kazi nyepesi, wajaze jedwali la sin(x)/x kwa x = 1, 0.1, 0.01 waone limiti inaelekea wapi. Nilijua jibu ni 1, nilijua watapata 0.998 hivi kwa 0.1, nilikuwa naangalia saa nipite kwenye mada inayofuata. Kundi la nyuma wakasema sisi tumepata 0.01745. Nikawaambia rudieni. Wakarudia, 0.01745. Kundi la pembeni nao wakasema hata sisi. Darasa likagawanyika pande mbili, na mimi badala ya kuuliza nikakimbilia kusema "kalkuleta zenu ziko kwenye digrii, badilisheni", nikasonga mbele nikijiona nimeokoa muda.

Nilipoteza dhahabu. Kwa sababu zile kalkuleta hazikuwa na kosa, kwa digrii limiti kweli ni π/180, ambayo ni 0.01745, na hiyo ndo sababu nzima ya kalkulasi kutumia radiani (kipimo cha pembe ambacho digrii 180 ni π): kwa digrii derivetivu ya sin ingekuwa inaburuta hiyo 0.01745 kila mahali. Swali la "kwa nini radiani" lililetwa mpaka mlangoni na wanafunzi wenyewe nikalifukuza. Siku hizi sisemi chochote kuhusu kalkuleta, naacha makusudi nusu ya darasa wapate 0.01745, alafu nawakutanisha.

Malalamiko utayapata

Wiki ya pili au ya tatu mtu atakuja kukwambia, kwa adabu, kwamba lekchara wa darasa lingine anafundisha lakini wewe unawafanya wajifundishe wenyewe. Mimi zamani nilikuwa naumia. Sasa nawaonyesha wazi siku ya kwanza. Mwaka 2019 Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Harvard kwenye madarasa ya fizikia: wanafunzi waliofanya kazi darasani walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza lekcha nzuri, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Yaani kuhangaika kunahisika kama kutoelewa. Nikishawaambia hivyo mapema malalamiko yanapungua, hayaishi.

Na wewe mwalimu ukitaka kitu cha kumwonyesha mkuu wa idara, chukua uchambuzi wa Freeman na wenzake wa 2014, walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, kufeli kwenye lekcha za kawaida kulikuwa asilimia 33.8 na kwenye madarasa ya kushirikisha 21.8. Chukulia darasa la watu 150 uone hiyo tofauti ni watu wangapi.

Suala la silabasi ni la kweli na sitalizunguka. Muda hautoshi kufanya kazi hizi na mifano yako yote ya zamani. Mimi kwenye kila mada nilikuwa na mifano mitano, nimebaki na miwili, mitatu imekuwa kazi yao. Na siyo kila mada inakubali, uthibitisho wa teoremu ya msingi ya kalkulasi naufundisha mwenyewe ubaoni dakika 20, nikijaribu kuwaachia wanapotea. Vifaa vya kupigia kura vya kielektroniki navyo nilivijaribu nikaviacha, betri, intaneti, mtu kasahau chake, dakika kumi zimeenda. Vidole havina betri.

Kitu cha mwisho ni daftari. Kila nikimaliza kupanga mirundo ya kwizi naandika humo makosa makubwa mawili matatu, mada na idadi ya karatasi, basi. Mwaka unaofuata majibu ya uongo kwenye maswali ya kura siyatungi kichwani, nayatoa humo, kwa sababu kosa nililolitunga mimi halimdanganyi mtu ila kosa lililoandikwa na watu 40 litawadanganya wengine 40. Kwenye ukurasa wa derivetivu za vipeo kuna kosa moja halijawahi kuniangusha, derivetivu ya 2ˣ ni x·2ˣ⁻¹. Naliweka chaguo B. Kura zinamiminika. Alafu nachora grafu ya 2ˣ nawaomba waweke x = 0 kwenye jibu lao, linatoa sifuri, na grafu pale juu ubaoni inapanda kwa mteremko wa karibu 0.69, na mimi nakaa kimya nasubiri nani ataanza kuguna.